Muhula wa nje uhesabiwe: nilivyopitisha krediti za wanafunzi wetu wa kubadilishana

Nilipokabidhiwa uratibu wa wanafunzi wa kubadilishana katika kitivo chetu, wenzangu walinipongeza kana kwamba nimepewa tiketi ya ndege. Kazi yenyewe ilikuwa ya makaratasi, hasa karatasi moja: transkripti, yaani orodha ya kozi na alama, ya mwanafunzi anayerudi kutoka chuo mwenyeji. Kila ofisi iliisoma kwa namna yake, na mwisho wa mzunguko mwanafunzi alijikuta amerudishwa nyuma muhula mzima.

Hati za makubaliano tulikuwa nazo nyingi. Chuo kikuu cha umma hakizikosi, maana kila ujumbe wa wageni ukija lazima kitu kitiwe saini na picha ipigwe. Lakini hati hizo hazimpi mwanafunzi krediti, yaani vipimo vya kazi ya masomo anavyokusanya ili ahitimu. Waliokwenda walirudi wakasoma upya masomo yaleyale pamoja na wadogo zao, na habari zikaenea mabwenini kwamba kwenda nje ni kupoteza mwaka. Vikaoni tulikuwa tunalaumu viza na nauli kila nafasi zilipobaki wazi. Viza na nauli ni tatizo kweli, ila aliyekwisha kupata vyote viwili naye alikuwa anasita.

Nikaanza na hesabu. Sisi mwaka mzima wa masomo ni krediti 120, kama ilivyo Uingereza na Afrika Kusini. Mfumo wa ECTS unaotumika sehemu kubwa ya Ulaya unauhesabu mwaka huohuo kuwa krediti 60. Vyuo vingi vya Marekani huuhesabu kuwa 30 hivi. Basi mwanafunzi wetu karudi na krediti 30 za ECTS, yaani muhula kamili usio na pungufu, na pembeni ya jina lake pakaandikwa kwa kalamu nyekundu: "Zimepungua 30." Aliyeandika hivyo sikumlaumu. Alikuwa anafuata kanuni inayosema muhula ni krediti 60, na hakuna aliyewahi kumpa jedwali la kubadilishia.

Jedwali nililiandika mimi, ukurasa mmoja tu, nikidhani litapita bila maneno. Mjumbe mmoja wa kamati, mtu wa takwimu, akauliza kwa nini tusitumie saa za kazi za mwanafunzi. Swali lilikuwa zuri. Krediti moja ya ECTS ni saa 25 hadi 30, yetu ni saa 10. Kwa hesabu hiyo, krediti 30 zao zingekuwa 75 hadi 90 zetu, na mtu aliyekaa muhula mmoja angeonekana amesoma muhula na robo au na nusu. Hapo ndipo tulipokubaliana kwamba kipimo ni sehemu ya mwaka: nusu mwaka kule ni nusu mwaka hapa. Krediti moja yao, mbili zetu. Nashukuru swali lile liliulizwa, kwa sababu lilipokuja tena kwenye seneti, chombo cha juu cha taaluma chuoni, jibu lilikuwa tayari mezani.

Alama zilinichosha zaidi. Ujerumani 1,0 ndiyo alama ya juu kabisa, 4,0 ndiyo ya mwisho ya kufaulu, na 5,0 ni kufeli. Ukiingiza 1,3 katika mfumo wetu wa kompyuta, ambao unapanda kutoka sifuri, umemfelisha mwanafunzi bora wa darasa. Ufaransa wanasahihisha kwa 20: kumi ni kufaulu, 16 ni vizuri sana, na 20 yenyewe haionekani mara kwa mara. Italia mtihani ni wa 30, na chini ya 18 hujafaulu. Sasa chukua 14 ya Ufaransa uigeuze kwa asilimia, utapata 70, lakini asilimia hiyo haikuambii kwamba kule aliyepata 14 ni mwanafunzi mzuri.

Mwongozo wa ECTS wa mwaka 2015 unashauri kila chuo kitoe jedwali la mgawanyo wa alama, linaloonyesha ni asilimia ngapi ya wanafunzi waliofaulu wanapata kila daraja. Ukiwa nalo unaweza kumweka mwanafunzi mahali pake: kama alama yake kule hupatikana na asilimia kumi ya juu, mpe alama inayopatikana na asilimia kumi ya juu hapa. Niliwaandikia vyuo washirika wote kuomba majedwali hayo. Baadhi walituma, wengine wakakaa kimya. Kwa waliokaa kimya tulipitisha kwamba krediti zihesabiwe kuwa amefaulu, bila alama kuingia kwenye wastani wake. Wapo wanafunzi waliolalamika, hasa waliokuwa wamefanya vizuri sana, na nawaelewa. Bado naona ni afadhali kutokuwa na alama kuliko kuwa na alama ya kubuni.

Baada ya hapo nikakutana na wakuu wa idara, na hapa siasa ya chuo inaanza. Mkuu mmoja alikuwa na mihtasari miwili ya kozi mezani, wetu na wa chuo mwenyeji, akipitisha kidole mada kwa mada.

"Dokta, kozi yao haina mada yetu ya saba."

"Ni kweli, Profesa. Mwanafunzi asiyeisoma mada ya saba atakwama wapi mwaka wa mwisho?"

Akafikiri. Hakukuwa na pa kukwama.

Swali hilo halikuwa langu kwa asili. Mkataba wa Lisbon wa mwaka 1997, uliotungwa chini ya Baraza la Ulaya na UNESCO, unasema kipindi cha masomo kilichosomwa nchi nyingine kitambuliwe isipokuwa ionyeshwe kuna tofauti kubwa. Mkataba wa dunia nzima wa UNESCO, uliopitishwa 2019 na kuanza kutumika 2023, umejengwa juu ya wazo hilohilo. Uzito wake uko kwenye nani anayebeba mzigo wa kuthibitisha. Kwetu mwanafunzi ndiye aliyekuwa anathibitisha kwamba kozi mbili zinafanana; sasa idara ndiyo ieleze tofauti iliyopo na madhara yake. Sentensi hiyo moja ya kanuni ilipitishwa baada ya kurudishwa zaidi ya mara moja, na ndiyo iliyofanya kazi kuliko jedwali langu lote.

Kilichobaki kilikuwa utaratibu. Mkataba wa masomo, ule unaotiwa saini na mwanafunzi, chuo chake na chuo mwenyeji kabla ya safari, tulikuwa nao, lakini ofisi ya mitihani ilikuwa haiuoni mpaka mwanafunzi arudi. Nikaomba nayo itie saini mwanzoni. Mwanafunzi akifika kule akakuta ratiba za kozi mbili zinagongana, jambo la kawaida sana, ananiandikia, nami nina wajibu wa kupata kibali cha idara kabla dirisha la kubadili kozi halijafungwa. Ndiyo maana simu yangu haizimwi wiki za mwanzo wa muhula wa Ulaya, hata kama sisi tuko likizo.

Waombaji wameongezeka, na mabwenini sasa wanaulizana kuhusu baridi na lugha. Pande ambako sijafika ni programu zinazosimamiwa na bodi za kitaaluma, kama sheria na uhandisi, kwa kuwa huko seneti peke yake haina kauli ya mwisho. Wahandisi tumeanza nao muhula huu. Bodi imetaka kuona saa za maabara kwanza, na vyuo viwili washirika vimeshaleta zao.