Nilivyompatia mama kibali cha kwenda Lamu wakati wa korona

Amri ya kuifunga kaunti ya Kilifi, hapa Kenya, ilitangazwa Jumatatu tarehe 6 Aprili 2020, ikaanza kazi Jumatano tarehe 8 saa moja jioni, pamoja na Mombasa na Kwale. Nairobi ilikuwa imeshafungwa jioni ile ile ya tangazo. Lamu haikufungwa. Kwa hiyo sisi wa Malindi tulikuwa ndani, ndugu zetu wa Lamu wako nje, na hakuna aliyeruhusiwa kuvuka kwa gari wala kwa ndege.

Mimi ni fundi cherehani Malindi, naishi na mama. Mdogo wangu wa kike ameolewa Lamu, mtaa wa Langoni, na wakati huo alikuwa na mimba yake ya kwanza iliyoanza kuwa nzito. Mpango ulikuwa aje kujifungulia kwetu, kama ilivyo desturi kwa mimba ya kwanza. Amri ilipotoka ikawa hawezi kuja. Basi ikabidi mama amfuate, na mama ndiye aliyefungiwa.

Naomba nieleweke vizuri: amri yenyewe sikuipinga. Kilifi ilikuwa miongoni mwa kaunti za mwanzo kupata wagonjwa, na Lamu ni mji wa vichochoro; mtu akikohoa barazani, nyumba tatu zinamsikia. Ugonjwa ungeingia mle ungewamaliza wazee kabla hatujajua umepitia wapi, na mgonjwa aliyezidiwa angelazimika kuvushwa bahari kwanza, kisha abebwe zaidi ya kilomita 200 kabla ya kufika hata Malindi. Kuwazuia watu wasitembee ovyo kulikuwa na maana. Kilichonichoma ni namna watu walivyopangwa ndani ya amri hiyo. Malori ya chakula na mizigo yaliruhusiwa kupita, mradi madereva wawe wameandikwa majina na wasizidi wanaohitajika. Mgonjwa mwenye barua ya hospitali alipita. Maziko nayo yalifikiriwa, watu wasizidi 15. Lakini mwanamke anayezaa kwa mara ya kwanza, mwenye presha, asiye na mwanamke mzima nyumbani kwake, hakutajwa popote.

Kwa wasiojua kazi ya arobaini, zile siku 40 baada ya kujifungua, niseme kidogo. Mzazi wa kwanza hajui lolote. Mtoto hajui kunyonya, naye hajui kunyonyesha, maziwa yanajaa yanauma, usiku halali. Akiwa amepasuliwa hawezi hata kuinama kumwinua mtoto. Anahitaji mtu wa kumkanda kwa maji ya moto, kumfunga mkaja, kitambaa cha tumboni, kidonda kikishapona, kumpikia uji wa pilipili manga, kumwogesha mtoto, na zaidi ya yote kumtazama usoni akajua kama damu inayomtoka ni ya kawaida au si ya kawaida. Kina mama wengi hufa baada ya kujifungua, si wakati wa uchungu, na sababu kubwa ni kuvuja damu. Mumewe, shemeji yangu, ni mtu mwema, lakini ni mvuvi, na mamake alishafariki zamani.

Nilianzia kituo cha polisi. Nikaambiwa vibali ni vya maziko, wagonjwa na mizigo. Nikauliza, na uzazi? Afisa akanijibu kwa upole kabisa kwamba kuzaa si ugonjwa. Nikatoka pale nikiwa sina hasira naye, maana alikuwa anasoma alichopewa.

Jioni hiyo nyumba ilijaa ushauri. Kuna aliyetwambia kuna mashua zinazotoka upande wa Ngomeni usiku. Mama amezaliwa na bahari, lakini upepo wa kusi ulikuwa umeanza, na mwanamke wa umri wake kupigwa na mawimbi gizani, kisha akamatwe na kupelekwa karantini asikokujua, tuliona si njia. Mwingine akasema jambo lililokuwa rahisi zaidi: tuseme kuna msiba Lamu. Barua ya msiba ingepatikana upesi. Mama alikuwa anachagua mchele, hakuinua hata kichwa. Akasema, "Sitamzika mtu aliye hai ili nipite njia." Hapo mazungumzo ya njia za mkato yakaisha nyumbani kwetu.

Basi nikakaa nikafikiri upya. Nilikuwa nimeomba ruhusa ya uzazi, na uzazi haukuwa kwenye orodha. Lakini mgonjwa alikuwamo, na mgonjwa ana haki ya mtu wa kumuuguza. Nikampigia mdogo wangu nikamwambia akienda kliniki amwombe daktari aandike yale yale aliyomwambia kwa mdomo: kwamba presha yake iko juu, kwamba huenda akapasuliwa, na kwamba atahitaji mtu mzima wa kumuuguza nyumbani. Daktari aliandika bila kusita. Picha ya barua ilinifikia kwa simu, pamoja na picha ya kurasa za kitabu chake cha kliniki zenye vipimo vya presha. Shemeji naye akaenda kwa mzee wa mtaa na chifu wa kule, akapata barua ya kuthibitisha kwamba nyumbani hakuna mwanamke mwingine na kwamba kuna chumba cha peke yake cha mgeni. Mimi nikapata ya chifu wa huku.

Kisha nikaandika ombi la ukurasa mmoja. Nalieleza kwa kirefu kidogo kwa sababu naamini ndilo lililofungua mlango. Sikuomba huruma. Nilieleza mtu anayesafiri ni mmoja, jina lake na nambari ya kitambulisho. Anakwenda tu, harudi mpaka njia zifunguliwe. Nyumba atakayofikia iko mtaa gani, nambari ya simu ya mwenyeji ni ipi. Atakaa chumbani peke yake siku 14 akifika, na maafisa wa afya wa Lamu wakitaka kumkagua watamkuta. Nikataja gari litakalomfikisha kwenye kizuizi cha barabarani na gari litakalompokea ng'ambo, nambari zote mbili. Nilitaka anayesoma aone kwamba kila swali atakaloniuliza kuhusu hatari limeshajibiwa, abakiwe na swali moja tu: je, ni haki kumzuia?

Karatasi zilizunguka. Ofisi moja ilinituma nyingine, nyingine ikanirudisha ya kwanza, na kwa kuwa ilikuwa Ramadhani na kafyu inaanza saa moja jioni, kila safari ya bure ilikuwa inakula muda wa kupika futari. Mwisho nilimpata afisa mmoja, mwanamke, aliyesoma barua ya daktari yote mpaka chini. Aliniuliza presha ilikuwa ngapi, nikampa. Akagonga muhuri. Sitamtaja, lakini namwombea kila nikimkumbuka.

Mama aliondoka alfajiri, kafyu ilipokwisha tu. Nilimsindikiza mpaka kizuizini, mbele ya Marereni. Gari lilipita daraja la Sabaki, Mambrui, Gongoni, barabara tupu. Pale kizuizini kulikuwa na pipa la maji na sabuni, kipimajoto cha kuelekezwa kwenye paji la uso, na foleni ya malori. Lori la vitunguu lilipita mbele yetu kwa dakika chache tu. Askari akafungua kikapu cha mama: mkaja uliokunjwa, chupa ya samli, pilipili manga, habati soda, kanga mbili mpya za mtoto. Akauliza, "Bibi, nani anazaa?" Mama akajibu, "Binti yangu." Akakisoma kibali, akaandika jina daftarini, akamfungulia.

Nyuma yetu alikuwepo mwanamke kijana amebeba mtoto mchanga mgongoni, anakwenda kwao Garsen. Alikuwa na barua ya mzee wa mtaa, haina muhuri. Alirudishwa. Nilimpa nafasi kwenye gari tuliporudi, akashuka Mambrui. Njiani aliniambia mumewe yuko Mombasa, kibarua kimekwisha, na huku Kilifi hana ndugu hata mmoja. Shida yake ilikuwa kubwa kuliko yetu, nami nililiona hilo waziwazi nikiwa nimekaa naye kiti kimoja. Mama yangu alipita kwa kuwa ana mtoto anayejua kuandika barua, mwenye simu ya kupokea picha na nauli ya kwenda ofisini zaidi ya mara moja. Huo si uadilifu. Haki ya kukaa na watu wako wakati wa shida haifai kutegemea nani nyumbani kwenu anajua maneno ya ofisini.

Na lingewezekana kufanywa vingine. New Zealand, ambayo ilijifunga kwa ukali kuliko sisi, ilipolegeza hatua moja mwishoni mwa Aprili 2020 ilisema wazi kwamba kila nyumba inaweza kuongeza jamaa wa karibu au mtu wa kuwatunza, mradi kundi libaki dogo. Uingereza kuanzia Juni 13 iliruhusu mtu mzima anayeishi peke yake, au peke yake na watoto, ajiunge na nyumba nyingine moja. Hawakufungua milango yote. Walikiri tu kwamba kuna watu ambao kuachwa peke yao nako ni hatari, wakaiandika ruhusa hiyo mahali ambapo kila mtu anaisoma. Kwetu ingetosha mistari michache: mzazi na mtu mmoja wa kumlea, mtoto mdogo aliyetenganishwa na mamake, mzee asiyejiweza. Mtu mmoja, safari ya upande mmoja, anajitenga akifika. Fomu iwe moja, iwe kwa Kiswahili, ipatikane kwa chifu, na mwenye kukataliwa aandikiwe sababu.

Mama alipokelewa na dereva wa Witu, wakapita Hindi mpaka Mokowe, akavuka kwa boti akafika Lamu alasiri. Hakufungua saumu njiani ingawa msafiri ameruhusiwa. Mtaani hawakumfurahia, na siwalaumu. Habari kwamba ametoka Kilifi zilimtangulia. Maafisa wa afya walikuja wakamwandika, akapanda chumba cha juu akakaa.

Mtoto hakungoja zile siku 14 ziishe. Mdogo wangu alipasuliwa, akarudi nyumbani na mtoto wa kike, na mama bado yuko juu. Shangazi yake shemeji, bibi mzee anayekaa mtaa wa pili, ndiye aliyekuja kusaidia. Mama alisimama juu, barakoa usoni, akitazama chini uani, akimwelekeza kila kitu kwa sauti: maji si ya moto hivyo, mshike kichwa, usimwagie sikioni, mtazame kitovu. Asubuhi moja aliona kutoka kule juu kwamba mwanawe ana uvimbe wa miguu uliozidi na analalamika kichwa, akapiga kelele apelekwe hospitali saa ile ile. Presha ilikuwa imepanda tena. Alilazwa, akatibiwa, akarudi. Presha ya uzazi inaweza kumuua mwanamke hata baada ya mtoto kutoka, jambo ambalo shemeji hakulijua na asingekuwa na sababu ya kulijua. Nikiulizwa kama usumbufu wote ule ulikuwa na haja, hilo ndilo jibu langu.

Siku zake zilipokwisha mama alishuka, akamchukua mtoto. Tarehe 6 Juni ilitangazwa kwamba Kilifi na Kwale zinafunguliwa; Mombasa ilibaki mpaka Julai. Mama hakurudi. Alimaliza arobaini ndipo akaja.

Machi 26 mwaka 2021 zilifungwa kaunti tano: Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Nakuru. Pwani safari hii tuliachwa. Lakini jirani yangu ana binti Nakuru aliyekuwa karibu kujifungua, akanijia na swali lile lile la mwaka uliopita, na orodha ya wanaoruhusiwa nayo ilikuwa bado haina mzazi. Nikampa nakala ya barua yangu, nikamwambia aanze kwa daktari wa binti yake, apate vipimo kwa maandishi, ndipo aende kwa chifu. Tukaandika pamoja, mtu mmoja, kwenda tu. Alikataliwa. Hakuambiwa kwa nini. Alisafiri kaunti hizo zilipofunguliwa mwanzoni mwa Mei, mjukuu wake akiwa ameshatimiza wiki tatu.