Farasi wa Daino Moja Si Farasi wa Daino Nyingine

Gari moja, wiki moja, petroli ya kituo kilekile. Mashine ya kwanza ya kupima nguvu ya gari, yaani daino, inatoa nguvu ya farasi 230, ya pili 208, ya tatu 262. Mwenye gari anabaki na karatasi tatu na swali moja: nani mwongo? Mara nyingi hakuna mwongo. Kila mashine imepima kitu chake, kisha ikakigeuza kuwa farasi kwa hesabu yake.

Lieleweke hili kwanza: daino haipimi farasi moja kwa moja. Kuna zinazopima jinsi pipa zito linalozungushwa na tairi linavyoongeza kasi, na kuna zinazopima nguvu ya kuzungusha, yaani toki, kwenye mkono wa breki. Farasi wanakuja baadaye, kwenye kompyuta.

Za pipa tupu, kama Dynojet za mwanzo, hazina cha kulizuia gari isipokuwa uzito wa pipa lenyewe. Chukua mfano wa pipa ambalo kwa tairi ni sawa na kusukuma kilo 1,150. Likitoka kilomita 80 kwa saa hadi 200 kwa sekunde 10, limemeza kama kilojuli 1,490. Gawanya kwa 10, unapata kilowati 149, ambazo ni farasi 200 kwa wastani. Mashine haikuhitaji hata kujua injini inazunguka mara ngapi. Ndiyo maana kwenye daino hizi, waya wa kusoma mizunguko ukikosea, mchoro wa toki unaharibika lakini kilele cha farasi kinabaki palepale. Ukiona toki ya ajabu na farasi wa kawaida, anza kukagua waya huo.

Udhaifu wake uko kwenye vitu vingine vinavyozunguka. Rimu, tairi, diski za breki, propela shafti na flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini) navyo vinaongezwa kasi, na nguvu inayoishia humo pipa haliioni. Kama magurudumu mawili ya kuendesha yana uzito wa mzunguko sawa na kilo 40 kwenye pipa letu la kilo 1,150, hapo zimeshapotea karibu farasi 7 kati ya 200. Funga rimu nyepesi na "nguvu" inapanda bila injini kuguswa. Tumia gia ya tatu badala ya ya nne na namba inashuka, kwa sababu kila kitu kinalazimika kuongeza kasi haraka zaidi. Mzunguko mmoja wa kupima ukiwa mfupi mno, turbo kubwa nayo haipati muda wa kujaa.

Daino za breki, kama Mustang au Dyno Dynamics, zinafanya kazi kwa njia nyingine. Diski ya chuma inazunguka kati ya sumaku za umeme. Umeme ukiongezwa, breki inashika. Nyumba ya breki inataka kuzunguka pamoja na diski, lakini mkono wake unaegemea kipimo cha msukumo. Msukumo huo mara urefu wa mkono ndio toki. Kuihakiki ni rahisi, na fundi makini hufanya mara kwa mara: tundika kilo 20 kwenye mkono wa nusu mita, skrini isome niutoni-mita 98. Ikisoma 104, kila gari litakalopanda hapo litajiongezea asilimia 6.

Kwa uzoefu wa wengi wanaopima, daino ya breki husoma chini ya ile ya pipa, mara nyingi kwa asilimia kama 10. Sehemu ya tofauti ni rola, yaani mapipa ambayo tairi linakaa juu yake. Nyingi za breki zina rola mbili ndogo kwa kila tairi, na tairi linabanwa sehemu mbili badala ya moja. Likibanwa linapata moto, na moto huo ni nguvu iliyokuwa ya injini. Sehemu nyingine ni mpangilio: fundi ndiye anayechagua gari lipande mizunguko kwa kasi gani. Akipandisha polepole, kinachopotelea kwenye rimu na flaiwili kinapungua, ila hewa inayoingia kwenye injini inachemka na kompyuta ya injini inaanza kurudisha nyuma muda wa cheche. Dyno Dynamics waliweka hali iitwayo Shootout, ambayo inafunga mipangilio hiyo ili karatasi za gereji mbalimbali zilinganishike. Karatasi isiyo na alama ya hali hiyo isiwekwe kando ya iliyo nayo.

Kisha kuna za habu, yaani kitovu kinachoshika gurudumu, Dynapack ikiwa mashuhuri. Magurudumu yanavuliwa na pampu za haidroliki zinafungwa kwenye habu zenyewe. Hakuna tairi kuteleza, hakuna mkanda wa kufungia gari kukazwa kupita kiasi, wala hakuna upepo wa tairi wa kubishania. Kwa hiyo namba huwa juu kidogo kuliko ya rola, na hurudia vizuri zaidi. Kwa gari linalovuta magurudumu yote manne, kama Subaru, naziamini kuliko rola ambazo za mbele na za nyuma hazijaunganishwa, maana tofauti ya kasi kati ya ekseli inaweza kuunguza difu ya kati.

Ile karatasi ya 262 ilitoka wapi? Huenda haikuwa nguvu ya magurudumuni kabisa. Mashine kama MAHA ya Ujerumani hupima magurudumuni, kisha dereva anakanyaga klachi gari likiwa bado kwenye gia, na rola zinapima gari linavyojizuia lenyewe hadi litulie. Hasara hiyo inajumlishwa ili kukadiria nguvu ya injini. Ni njia nzuri kuliko kubuni asilimia, ila gia zisizobeba mzigo hazisuguani sawa na zinazobeba. Ile desturi ya kuongeza asilimia 15 kwa kila gari siikubali. Gari likitoka farasi 150 hadi 400 kwa giaboksi ileile, mafuta ya giaboksi hayawi mazito zaidi. Sehemu kubwa ya hasara hubaki ilivyokuwa.

Angalia na kizio pia. Magari ya Japani hutangazwa kwa PS, yaani farasi wa kimetriki, na PS 280 ni farasi 276 wa Kiingereza. Tofauti ni ndogo, lakini watu wamebishana usiku kucha kwa sababu yake.

Sasa hali ya hewa, na hapa ndipo Afrika Mashariki inapoingia. Programu huzidisha kipimo ili kionekane kama kimefanyika katika hewa ya kawaida. Kanuni ya SAE J1349 inachukua nyuzi 25 na kanieneo (presha ya hewa) kavu, yaani bila mvuke wa maji, la milibari 990. Kipimo cha zamani, STD, kinachukua hewa ya baridi na nzito zaidi, kwa hiyo namba yake huwa juu kwa kama asilimia 4. Gari lilelile, kipimo kilekile: bofya moja tu kwenye programu hubadilisha namba.

Mombasa, nyuzi 30 na unyevu mwingi, kizidisho cha SAE kinakuwa kama 1.02. Nairobi, mita 1,700 hivi juu ya bahari na kanieneo karibu milibari 830, kinafika 1.25. Kwa injini ya petroli isiyo na turbo, hesabu hiyo inakaribia ukweli: magurudumuni zimepimwa farasi 120, Mombasa zingekaribia 150. Kwa injini yenye turbo inayodhibitiwa na kompyuta kwa presha kamili (inayohesabiwa kuanzia sifuri, si kuanzia presha ya nje) ndani ya manifoldi, bomba la kuingizia hewa, turbo inazunguka kwa kasi zaidi na kufidia sehemu kubwa ya hewa iliyokosekana. Gari limepimwa farasi 215 halisi, ukizidisha kwa 1.25 unaandika 269, farasi ambao hawatapatikana hata likishushwa pwani. Dizeli za kisasa zenye turbo, kama za Hilux na Land Cruiser, zina tatizo hilohilo. Isitoshe, SAE J1349 haikukusudiwa kwa marekebisho makubwa hivyo. Mpaka wake ni kama asilimia 7. Kwa turbo katika Nairobi, omba karatasi isiyorekebishwa.

Chungulia na kipimajoto cha daino kimewekwa wapi. Kikining'inia juu ya radieta na kusoma nyuzi 45 wakati hewa ya chumba ni 28, kizidisho kinapanda kwa asilimia 3 hivi. Kwenye farasi 200 hao ni 6 au 7 wa bure, wengi kuliko wanaoletwa na filta nyingi za hewa zinazouzwa kwa kelele.

Ukitaka kujua kama kazi ya fundi imeleta kitu, pima kabla na baada kwenye mashine ileile, gia ileile (ya karibu na uwiano wa 1:1, kwa kawaida ya nne kwenye giaboksi ya gia tano), upepo wa tairi uleule, mikanda imekazwa vilevile, mafuta ya injini kwenye nyuzi 90, feni mahali palepale. Fanya mizunguko mitatu ya kupima na uutupe wa kwanza. Miwili iliyobaki ikipishana kwa zaidi ya asilimia 2, kuna kitu kinateleza au kinachemka, na ongezeko la farasi 4 hapo halina maana. Kulainisha mchoro kuwe sawa pande zote. Kwenye programu ya Dynojet kunaanzia 0 hadi 5, na kwenye 5 hata injini inayokosa moto inatoa mstari mzuri. Na usiondoke na karatasi peke yake. Omba faili lenyewe la kipimo, kwani ndani yake kizidisho, kulainisha na kizio vinaweza kubadilishwa na mtu mwingine, nyumbani kwake, hadi vipimo vya magari mawili visomwe kwa hesabu moja.