Kazi Iliyotawanywa Ndiyo Iliyobaki

Somo: Mhubiri 11:1–6

Wapendwa katika Bwana,

Mwaka 1924 kampuni moja ya filamu, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa miongoni mwa zilizoheshimika sana nchini Uingereza, iliangukia mikononi mwa mfilisi, na mali zake zikaanza kuuzwa ili wenye kuidai walipwe. Zilipofikiwa negativu, yaani zile filamu mama ambazo nakala zote huchapwa kutoka kwake, hapakuwa na mtu aliyeziona kuwa ni hazina ya kutunzwa. Ziliuzwa kama malighafi na kuyeyushwa. Ilikuwa kazi ya miaka 25, na mwenye kazi hiyo, Cecil Hepworth, alikuwa na umri wa miaka 50, akiwa bado na nguvu za kuelewa vizuri kilichokuwa kikimtokea.

Hepworth alizaliwa London mwaka 1874. Baba yake alikuwa mhadhiri aliyezunguka na taa ya kurushia picha ukutani, na mtoto alikua akiona jinsi watu wazima wanavyonyamaza mwanga unapowaka gizani. Mwaka 1897, sinema ikiwa bado jambo jipya kabisa, aliandika kitabu cha kufundisha ufundi wake. Baadaye aliajiriwa, akaachishwa kazi, na mwaka 1899 akaanzisha shughuli yake mwenyewe pamoja na binamu yake katika nyumba ndogo ya kupanga huko Walton-on-Thames, ambako jukwaa la kupigia picha lilikuwa la mbao, nje uani, kwa sababu mwanga waliokuwa wakiutegemea ulikuwa wa jua.

Mwenyewe alisimulia habari moja ya Februari 1901, siku ya mazishi ya Malkia Victoria, ambayo mimi huipenda kuliko zote. Alikuwa amesimama na kamera yake mahali ambapo msafara ungepita, na palikuwa kimya kizito. Alipoanza kuzungusha mkono wa kamera, mashine ile ilipiga kelele kiasi kwamba alitamani ardhi ipasuke immeze. Mfalme mpya, Edward wa Saba, alivutwa na kelele hizo, akausimamisha msafara kwa kitambo ili picha ichukuliwe. Kijana aliyetaka kujificha kwa aibu akapata picha ambayo asingethubutu kuiomba.

Mwaka 1905 kampuni yake ilitoa filamu iitwayo Rescued by Rover, iliyoongozwa na Lewin Fitzhamon. Ni hadithi ya dakika chache kuhusu mtoto mchanga aliyeibwa na mbwa anayemtafuta mpaka akampata. Hadithi iliandikwa na mke wa Hepworth, ambaye pia aliigiza kama mama. Hepworth mwenyewe akawa baba. Mtoto alikuwa binti yao. Na mbwa alikuwa mbwa wao, aliyeitwa Blair. Gharama yote ilikuwa pauni 7, shilingi 13 na peni 9. Nakala 395 ziliuzwa, na kwa kuwa kila nakala ilichapwa kutoka katika negativu ileile, negativu ilichakaa, ikabidi filamu nzima ipigwe upya mara mbili. Siku hizo filamu hazikuwa zikikodishwa kama ilivyokuja kuwa baadaye. Mwonyeshaji alinunua nakala, akaondoka nayo na kuionyesha popote alipotaka, na mtengenezaji hakuwa na uwezo tena juu yake.

Hapa ndipo neno la Mhubiri linaponigusa: "Tupa chakula chako usoni pa maji, maana utakiona baada ya siku nyingi." Negativu ambazo Hepworth alizihifadhi kwenye ghala lake, chini ya ufunguo wake, ziliyeyushwa. Filamu za Hepworth zinazotazamwa leo zinatazamwa kwa sababu nakala zake zilikuwa zimekwisha kutoka mikononi mwake kabla mfilisi hajafika. Rescued by Rover ipo kwa sababu ilitawanyika. Alice in Wonderland, aliyoiongoza pamoja na Percy Stow mwaka 1903 na ambayo wakati ule ilikuwa filamu ndefu kuliko zote zilizowahi kutengenezwa Uingereza, inajulikana kwa nakala moja tu, tena iliyoharibika vibaya, ambayo Taasisi ya Filamu ya Uingereza iliikarabati mwaka 2010.

Ni lazima tuseme kweli kwamba Hepworth hakuzigawa nakala hizo kama sadaka, aliziuza. Wala hakukosea kuzitunza negativu zake, kwa maana fundi anayetunza kazi yake anamheshimu aliyempa kipaji. Lakini hilo halilidhoofishi andiko. Wapo wafafanuzi wanaoiona aya hii kama habari ya mfanyabiashara anayepakia nafaka yake melini na kuiacha iende ng'ambo, asijue italeta nini. Aya ya pili inaendelea kumwambia agawe fungu kwa watu saba, naam, hata wanane, kwa sababu hajui ni baya gani litakalotokea duniani. Mhubiri hamkemei mtu mwenye ghala. Anamwambia kwamba hajui, na kwa kuwa hajui, asiuzuie mkono wake.

Linalonisumbua zaidi ni lile neno "utakiona". Hepworth alifariki Februari 1953, na nakala ya Alice ilikarabatiwa miaka 57 baada ya kifo chake. Je, yeye alikiona? Sehemu aliiona. Baada ya kufilisika alifanya kazi ya kutengeneza matangazo mafupi ya filamu za watu wengine, alitoa mihadhara kuhusu siku za mwanzo za sinema, na mwaka 1951 alichapisha kumbukumbu za maisha yake. Sehemu kubwa hakuiona. Waraka kwa Waebrania, katika sura ya 11, unawataja watu walioshuhudiwa kwa imani yao lakini wakafa kabla ya kuipokea ahadi, na mwandishi wake haoni haya kuiacha habari yao hivyo, kwa sababu Mungu alikuwa amekusudia wasikamilishwe pasipo sisi. Nadhani hapo ndipo Mhubiri anapopata jibu lake. Atakayekiona chakula kile anaweza kuwa mtu mwingine, ufukoni kwingine, naye Mungu huwahesabu wote wawili pamoja.

Katika sharika zetu wamo watu waliofanya kazi ya namna hii. Yupo mwalimu wa kwaya ambaye daftari lake la nyimbo liliharibiwa na mvua iliyopenya paa la ofisi, na nyimbo zenyewe zinaimbwa kila Jumapili katika mitaa ambayo hajawahi kufika, na watu wasiolijua jina lake. Anapolilia daftari tusimwambie kwamba halikuwa na maana. Tumwambie tulikozisikia nyimbo zake.

Wiki hii tuwaombee kwa majina, katika jumuiya na nyumbani, wenzetu ambao biashara zao zimefungwa au mali zao zimepigwa mnada, hasa waliovuka umri wa miaka 50 na ambao sasa wanatafuta kuajiriwa na watu waliowafundisha kazi. Na ikiwa mmoja wetu anajua kitu chochote chema ambacho watu hao waliwahi kukitoa na ambacho bado kinafanya kazi mahali fulani, basi aende akawaambie kabla ya Jumapili ijayo.