Nguzo yenye mafuta ya sufu

Leo jioni nimeshuka kivukoni Teneriffe, hapa Brisbane, Australia, nitembee kidogo kando ya mto.

Kwa msioujua, mtaa huu ulijengwa na biashara ya sufu, yaani manyoya ya kondoo. Maghala makubwa ya matofali, garimoshi linaleta marobota, meli zinapakia gatini. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, nyambizi za Marekani zilikuwa na kituo chao papa hapa. Baadaye bandari ikasogea kuelekea mdomo wa mto, maghala yakabaki matupu. Miaka ya 1990 yakaanza kugeuzwa nyumba za kuishi. Leo ni mtaa wa wenye nazo.

Mlangoni mwa ghala moja nimemkuta mzee amesimama, mkono ukutani. Tukasalimiana. Akaniambia ujanani alikuwa akivuta marobota humo ndani.

"Hebu gusa hapa," akasema.

Nguzo ya mbao. Nikapitisha kiganja. Laini ajabu, inang'aa kama mpini wa jembe la siku nyingi.

"Mafuta ya sufu hayo. Yameingia mpaka kwenye kiini cha mti."

Kisha akaipapasa mwenyewe, taratibu, kama mtu anayempapasa mnyama aliyemfuga.

Nashukuru majengo haya hayakubomolewa, kwa kweli ni mazuri mno. Ila imeniuma. Mlango ule unafunguliwa kwa namba za siri, na mzee hana namba.

Alikuwa anangoja basi la kurudi kwake, mbali.

Ndugu zangu, mahali mnapoishi kuna jengo la kazi lililogeuka makazi? Waliolitumikia wako wapi? Niandikieni hapa chini, nitasoma yote.