Safari zetu za kutazama ndege tunazipanga kwa maji

Hapa Pemba, ukitaka kuwakusanya wanawake kwenda kutazama ndege, kwanza jua bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, liko lini. Wengi katika kundi letu wanalima mwani, na mwani unashughulikiwa maji yakipwa sana. Siku hizo humpati mtu hata kwa harusi. Nikaamua safari za msituni ziwe siku za maji mafu, bahari isipopwa sana, mtu anapokuwa na asubuhi yake mwenyewe. Tangu hapo gari tunayokodi inajaa.

Waume hawakuwa taabu kubwa. Aliyetaka kujua aliambiwa dereva ni nani na tunarudi saa ngapi, basi.

Tunaswali alfajiri majumbani, gari inatuchukua Wete, inapitia Konde, na jua likianza kupanda tushafika Msitu wa Ngezi. Buibui jeusi halina tatizo msituni. Mtandio mweupe ndio nauomba ubaki nyumbani, usiwashtue ndege. Darubini tunapokezana, na anayesubiri zamu ndiye mara nyingi anayemwona ndege kwanza, kwa macho matupu.

Tunawatafuta wanne ambao duniani kote wako Pemba na visiwa vyake tu: ninga (njiwa wa kijani), chozi (kandege mnyonya maua), kinengenenge (kandege mwenye duara jeupe machoni) na bundi wa Pemba. Chozi hana haja ya msitu, hata kwenye maua ya uani humkosi. Ninga anataka subira. Hukaa juu kwenye mti wenye matunda, mgongo wa kijani umepotea kwenye majani, na mpaka tawi litikisike ndipo unaona kichwa cha kijivu kikijinyoosha kufuata tunda.

Bundi ndiye aliyeleta maneno. "Mwanangu, ndege wa mkosi huyo, tumfuate kwa miguu yetu?" aliniuliza bibi mmoja. Sikumbishia. Nilisema safari ya bundi ni ya anayetaka, na wenye jamaa Makangale wakatupatia pa kulala, maana kurudi usiku kungeleta maneno mengine. Tukaswali magharibi, tukasogea ukingoni mwa msitu, simu zote zimezimwa taa. Akalia: "hu". Kimya. Tena "hu", moja tu.

Bibi yule naye alikuwepo, asikose jambo! Akanishika mkono. "Huyu? Huyu akitulilia kwenye mikarafuu tukilala kambi ya kuchuma. Siku zote nikidhani chura."

Ndege wa pwani sikuwapangia safari. Wanaolima mwani wako nao tangu Septemba, sululu, yule wa mdomo mrefu uliopinda, na wenzake wanapoteremka kutoka kaskazini ya mbali, na wao ndio wanaotutumia habari kwa sauti za WhatsApp. Nilichowafundisha ni kutaja rangi, mdomo na anachokula. Juzi mmoja katuma, upepo unavuma kwenye simu: "Mweupe, mgongo mweusi, miguu mirefu, mdomo mnene mweusi, kakamata kaa anamtingisha." Huyo ni yule mla kaa anayezaa kwenye mashimo ya mchanga huko pwani za Arabuni na Somalia. Nikamuuliza wako wangapi. "Ngoja kwanza nifunge kamba yangu," akanijibu, "maji yanajaa."