Nilienda Unguja na tepu mfukoni

Ugomvi wa mtaani kwetu ulianza na lori la taka. Zamani lilikuwa linaingia mpaka kwa Mangi pale kwenye kona, linageuza linatoka, ila kuanzia mwaka juzi haliingii tena kwasababu kila mtu kajenga ukuta na kila ukuta umesogea mbele kidogo, kidogo tu, si unajua, "natoa tu kangazi ka geti". Ikaja habari ya urasimishaji, yaani kupimiwa viwanja rasmi, tukachangishana, kampuni moja ya upimaji (siitaji jina) ikapokea hela ikachomeka vigingi nusu ya mtaa ikapotea. Wakaja wapimaji wengine wakasema njia iwe mita 6 na hapo ndo kikao kikawa moto, maana mita 6 ni lazima kuta zivunjwe. Mimi nikasimama nikaropoka, mbona Zanzibar vichochoro ni vyembamba kuliko hivi vyetu na mji upo miaka yote na wazungu wanapanda ndege kuja kuuona? Nikapigiwa makofi. Mjumbe akaniangalia akauliza, we ushawahi kufika?

Sijawahi. Mke wangu ana ndugu Unguja tele, tuna miaka 9 ya ndoa na harusi ilifanyika huku huku Dar, kila mwaka nasema mwakani. Basi nikaona isiwe tabu, Ijumaa moja nikaomba ruhusa kazini, nikachukua tepu ya mita 5 ya fundi wangu nikaitia mfukoni.

Nilipanda mwendokasi Kimara alfajiri. Kila nikipita Jangwani nachungulia chini, na hata siku hiyo kulikuwa na maji ya mvua ya juzi yametuama. Kiukweli lile bonde ndo linaamua mambo mengi ya Dar kuliko ofisi yoyote, mvua ikikaza barabara inafungwa na mji unakatika vipande viwili, wa Magomeni kwake na wa Posta kwake. Halafu ukishapita Fire ukavuka Bibi Titi unaona kabisa umeingia mji mwingine. Kule nyuma Kariakoo mitaa imenyooka imekatana kama daftari la hesabu, huku Uhindini ghorofa zimebanana duka chini watu juu, na mbele zaidi kule zamani kulikoitwa Uzunguni kuna miti mikubwa na majengo yaliyokaa mbali mbali yakipigwa na upepo wa bahari. Hiyo haikutokea yenyewe, wakoloni waliugawa mji hivyo makusudi, na kati ya Kariakoo na Uhindini wakaacha uwazi, ule ule Mnazi Mmoja tunaokwenda kusikiliza hotuba. Kiwanja kiliachwa ili watu wasisogeleane, leo ndo kiwanja cha kukutania.

Boti ilichelewa saa nzima na hakuna aliyetuambia kwanini, tuyaache. Ikitoka pale feri unapita kwenye mlango mwembamba wa bandari, Kigamboni kushoto kwangu nikiwa nimeangalia nyuma, unajisemea kweli Sultan Majid alikuwa na jicho, miaka ya 1860 anatafuta bandari akaona huo mkono wa maji umejikunja ndani kama kiwiko. Mji mzima umeanzia kwenye kiwiko hicho, barabara zote kubwa zinatawanyika kutokea hapo, ndo maana mpaka leo asubuhi wote tunakimbilia upande mmoja na jioni wote tunarudi upande mmoja, foleni tuliipanda wakati ule.

Baada ya kama masaa mawili hivi majini ukaanza kuonekana mji. Aisee kutokea baharini Mji Mkongwe unaonekana wote kwa mara moja umejipanga kama watu wa picha ya harusi, Beit al-Ajaib, Jumba la Maajabu, katikati (ile ya 1883 ya Sultan Barghash, upande wake mmoja uliporomoka Desemba 2020, na watu wawili walifariki), Ngome Kongwe pembeni yake, na juu ya mapaa minara miwili ya kanisa la Katoliki ambalo wenyewe wanaliita hivyo hivyo, Minara Miwili. Nikasema hapa sipotei, nikiiona minara najua nilipo. Kumbe sijui nisemalo.

Mjomba wa mke wangu alinipokea Malindi, kanzu, kofia ya mkono, mwavuli. Shikamoo mjomba. "Marahaba mkwe, wazima huko? Umetukumbuka leo." Huyu mzee maisha yake yote kafanya kazi ya kujenga kuta za mawe na chokaa, siku hizi macho hayamsaidii ila mikono bado. Nikamwambia shida yangu, nikatoa na tepu nimuonyeshe. Akacheka mpaka akashika ukuta.

"Tepu ya nini mkwe? Mji huu haukupimwa kwa tepu. Umepimwa kwa boriti."

Nikadhani ni maneno ya wazee. Tukaingia nyumba moja Kiponda ya rafiki yake, akanielekeza juu darini, boriti za mikoko zimepangwa karibu karibu. Mkoko haukupi mti mrefu ulionyooka kama unavyotaka, akasema, ukishafika kama mita 3 basi, kwahiyo chumba upana wake ndo huo. Urefu unaweza kuvuta utakavyo, upana huna ujanja. Nikapima: 2.9. Chumba cha pili: 2.8. Ukuta nikaupimia dirishani, karibu sentimita 60, mawe ya matumbawe na chokaa. Sasa ukiweka vyumba vyembamba vyembamba kuzunguka uwazi wa ndani, na kuta nene kiasi hicho, ukapandisha ghorofa 2 au 3, unapata nyumba ya umbo fulani, na nyumba hizo ukizisogeza karibu mpaka inabaki nafasi ya mtu na mzigo wake, umepata Mji Mkongwe. Yaani mti wa porini kwenye matope ndo umechora ramani ya mji ambao UNESCO wameuweka kwenye orodha yao ya urithi wa dunia mwaka 2000. Nilikaa nikalifikiria hilo muda mrefu kuliko kitu chochote nilichokiona safari ile.

Nje nikaendelea kupima kama mwehu, watalii wananipiga picha. Kichochoro kimoja mita 1.7, kingine 2.1, kimoja pale kuelekea Hurumzi nilipanua mikono tu nikagusa pande zote nikaona hapa tepu ya nini. Mtaani kwetu pale pabaya kabisa ni 2.4. Nikafurahi, nikasema nimeshinda kesi.

Ila ilikuwa saa 6 mchana na mimi sitoki jasho. Hapo ndo nikaanza kushtuka. Kwetu saa hiyo ile njia haipitiki, bati zinamulika, tofali zinatoa moto, vumbi. Hapa kuta za pande mbili zimepanda juu mita 8, 10, jua linaingia kichochoroni dakika chache likiwa utosini halafu linaondoka, na upepo unapita chini chini kutokea baharini. Upana sawa, urefu tofauti, hali ya hewa mbili.

Na kitu cha pili nilikiona nikiwa nimechoka nimekaa. Nimekaa wapi? Kwenye baraza la mtu nisiyemjua. Karibu kila nyumba ina benchi la mawe limeshikana na ukuta upande wa njia, mtu akiuza ndizi anakaa hapo, watoto wa chuo (madrasa) wanaandika hapo, mvua kubwa ikinyesha njia ikajaa maji watu wanatembea juu yake kama daraja. Juu ya baraza dirisha, pembeni mlango, mlango wa pili duka, ghorofani mama anashusha kikapu kwa kamba muuza mboga atie mchicha. Nilikaa dakika 20, nikasalimiwa na watu 11 nilihesabu. Nikakumbuka njia yetu: ukuta, geti, ukuta, geti, chupa zilizovunjwa juu. Hakuna dirisha hata moja linaloangalia njia. Kwetu nyumba zote zimeipa njia mgongo, pande zote mbili, sasa njia iliyopewa mgongo na kila mtu nani ataifagia.

Mjomba aliposikia naanza kuusifu sana mji wake akanikata. "Usidanganyike mkwe. Moto ukishika hapa ndani gari haliji, twamuomba Mungu. Na nyumba zinaanguka." Akanionyesha moja, kuta zimebaki mti umeota ndani. Paa likivuja maji yanaingia kwenye ukuta, boriti inaoza kwenye ncha, halafu mwenye nyumba anakuja na simenti anapiga plasta juu ya chokaa, ukuta haupumui tena, unyevu unabaki ndani unaula. Aliniambia haya kwa hasira kama anaongelea mtu aliyemkosea. Hapo alipo anafundisha vijana wawili tu kupika chokaa, wengine wanaona kazi chafu.

Alasiri akaenda msikitini nikasema natembea mwenyewe mpaka Forodhani. Mara ngapi nimepotea sijui. Minara Miwili niliyoiona baharini haionekani kabisa ukiwa chini, kuta zinaificha, nilizunguka nikapita Jaws Corner mara tatu, wale wazee wa kahawa na bao mara ya tatu wakanicheka wazi wazi wakanimiminia kikombe. Nikagundua wenyewe hawatumii majina ya mitaa sana wala kushoto kulia, wanakwambia pita msikiti, pita kwa muuza kashata, ukiona mlango mkubwa wa misumari kata. Kila baada ya hatua kadhaa kuna kitu ambacho hakifanani na kingine, ndo ramani yao. Mimi kwetu nikimwelekeza boda namwambia geti jeusi, na mageti meusi yapo 14.

Halafu ghafla kichochoro kinakutema kwenye Forodhani, bahari yote mbele, vijana wanajirusha kutoka ukutani kuingia majini. Ule uwazi unauona mkubwa kwasababu umetoka kwenye mbano. Ingekuwa mji wote ni wazi vile nadhani nisingeshangaa.

Jumamosi asubuhi tulikwenda ng'ambo kumsalimia mama mdogo wa mke wangu anayekaa Michenzani. Kutoka Mji Mkongwe unapita soko la Darajani, la mwaka 1904, unavuka barabara kubwa iliyojaa daladala. Hiyo barabara ilikuwa maji. Mkono wa bahari uliingia hapo ukatenga mji wa mawe na upande wa pili, daraja likavusha watu ndo maana Darajani, na waliokaa upande wa pili wakawa wa Ng'ambo, mkono ukafukiwa kidogo kidogo mpaka ukaisha lakini majina hayakufukika. Huku kuna mawe, kule palikuwa na nyumba za udongo na makuti, watu waliokuwa wanawahudumia wa huku. Na kule kusini mwa mji nao wana Mnazi Mmoja wao, uwazi mkubwa. Pwani nzima ukikuta Mnazi Mmoja jiulize nani alikuwa anatengwa na nani.

Baada ya Mapinduzi ya 1964, Karume akataka kila mtu akae ghorofani, Wajerumani Mashariki wakaja na ramani, nyumba za Ng'ambo zikavunjwa, ikapigwa barabara mbili pana zinakatana kwenye mzunguko na majumba yakapangwa pembeni marefu kama mabehewa. Tepu yangu ya mita 5 haikufaa kitu hapo, nikahesabu hatua, jumba moja nilifika 300 na kitu nikapoteza hesabu kukwepa daladala. Jua la saa 4 tu limenipiga mpaka nikatamani kichochoro. Nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kuyasema vibaya yale majumba.

Mama mdogo anakaa ghorofa ya juu, hakuna lifti, maji yakikatika kupandisha ndoo ni shughuli. Nikamuuliza, mama, usingependa Mji Mkongwe? Akaniangalia kama mtoto. "Mimi babaangu alikodi chumba kimoja, choo cha kuchangia, watu 8. Hapa nna choo changu ndani na upepo. Mji Mkongwe mzuri kwa kupita." Nikanyamaza nikanywa chai. Nilipochungulia dirishani nikaona chini kabisa kwenye lile jumba watu wameweka vibanda vya duka, mabenchi ya mbao, mzee anacheza dhumna kivulini kwa ukuta. Wajerumani hawakuchora baraza. Limeota lenyewe.

Nilirudi Dar Jumapili, mke wangu akauliza zawadi, nikampa halua na mlima wa hadithi. Jioni nikatoka na tochi ya simu na tepu, nikapima kutoka kigingi cha wapimaji mpaka ukuta wangu mwenyewe. Nimeingia njiani sentimita 90. Fundi wangu ndo alikuwa ananiambia "tusogee kidogo bosi".

Keshokutwa anakuja kunipa bei ya kuvunja. Nimemwambia tofali zitakazopona tujenge baraza nje, na ukuta mpya tutoe dirisha. Mke wangu kakubali dirisha. Baraza kakataa, anasema bodaboda watalala hapo mchana kutwa, na sijapata cha kumjibu kwasababu ni kweli watalala.