Nyota za kubandika ziliniaibisha, daftari la kiranja likaniokoa

Walimu wenzangu hapa Lamu wananiuliza Gredi ya 7 yangu imetuliaje, na wengine wanadhani nina dawa. Sina. Nina daftari la kurasa 96, kalenda ya Kiislamu, na hasira ambazo hazijaniisha kwa bwana aliyetufundisha mambo ya nyota.

Alikuja kutuendeshea semina. Mpole, slaidi zake safi. Alisema mtoto akifanya vizuri abandikwe nyota ya dhahabu kifuani, wenzake wataona na wao watatamani. Tukapiga makofi, tukala sambusa, nami nikaenda dukani nikanunua makaratasi mazima ya nyota. Mia tano na kitu zilikatika, za mfukoni mwangu.

Kwanza joto. Gundi ilikuwa inalegea kabla ya mapumziko, nyota zinadondoka sakafuni, na aliyeokota ndiye mwenyewe. Haikuchukua siku nyingi, soko likafunguliwa nyuma ya darasa: nyota moja bajia mbili, nyota tatu viazi karai na ukwaju juu. Kuna kijana ambaye hajawahi kuinua mkono kujibu swali. Akaingia darasani kifua kinameremeta kama jenerali siku ya Jamhuri. Nikamuuliza nyota zote hizo kazitoa wapi. “Mwalimu, mimi nanunua na kuuza.” Nilitaka kukasirika nikashindwa, nikageukia ubao nicheke. Hata hivyo, asiyekuwa na nyota wala pesa ya bajia hakucheka. Binti mmoja alikuwa anatembea amekumbatia kitabu kifuani ili pasionekane kuwa patupu. Semina haikuwa na slaidi ya huyo.

Sasa daftari. Aliyesoma shule za Kenya anaijua ile karatasi ya wapiga kelele: mwalimu akitoka tu, kiranja anachukua kalamu na kuandika majina, na anayerudia anawekewa alama juu ya alama. Karatasi ile imevunja urafiki mwingi na kulisha viranja wengi bajia za kufutiwa majina. Nikamwambia kiranja wangu, kuanzia leo usiandike kelele. Andika jambo jema ulilomuona mtu akimtendea mwenzake.

“Na wakipiga kelele, mwalimu?”

“Waache.”

Wakapiga! Mwalimu wa darasa la jirani alikuja kuuliza kama tuna harusi na hatukumwalika.

Ujanja ulikuwa kwenye masharti. Humwandiki unayekaa naye dawati moja. Huandiki “ana adabu” au “ni mzuri”, unaandika kitendo. “Amenielekeza desimali bila kunicheka.” “Amemvuta mtoto wa Gredi ya 1 ukutani punda wa mawe walipopita.” Na ukiranja unazunguka kila wiki, na walioanza kupewa kalamu ni wale wale wapiga kelele sugu. Hapa najisifu: mtu akishika kalamu hiyo inambidi awatazame wenzake kutwa, na anayetazama hana nafasi ya kupiga domo. Semina hawakunifundisha hilo.

Ijumaa, kabla hawajatoka kwenda swala, tunasoma machache. Machache, si yote, watasinzia. Zawadi hakuna. Peremende pia hakuna, hata mkinililia.

Wiki moja likasomwa jambo lililonisimamisha: “Amenibebea mkoba kichwani, maji yalikuwa mapajani.” Maji gani tena? Kumbe ni watoto wa kijiji cha Shela. Njia ya ufuoni kutoka kwao hadi mjini ni kama kilomita tatu, na maji yakijaa sana sehemu yake inafunikwa. Muhula mzima walikuwa wakifika wamechelewa, wanasema “Mwalimu, mai!” na mwalimu wa zamu anaandika kuwa ni visingizio. Boti ni shilingi mia, mia na hamsini, kutegemea nahodha kaamkaje. Mwenye watoto watatu atalipa mara ngapi?

Nikamfuata mzee mmoja, nahodha wa zamani, barazani kwake. “Ami, ni siku gani maji hujaa asubuhi wakati wa shule?” Hakuinua hata macho kwenye kikombe cha kahawa. Bamvu, yale maji makuu, la mwezi mpevu hujaa alfajiri, akasema, kisha kila siku maji yanachelewa kama dakika hamsini, kwa hiyo siku tatu nne baadaye yanakutana na watoto njiani. Baada ya mwandamo ni vivyo hivyo. “Huyui? Basi umesomea nini, mwanangu?”

Nikatia alama kwenye ile kalenda ya Kiislamu, inayohesabu siku tangu mwandamo: mwezi 17 hadi 20, na mwezi 3 hadi 5. Nikampelekea mwalimu mkuu pamoja na daftari. Siku hizo mtoto wa Shela haandikwi mchelewaji, na mwenzake wa mjini anamnakilia somo la kwanza. Wanaonakili walijitolea wenyewe. Ilinibidi niweke zamu.

Wazazi wana mtihani wao. Baba mmoja alinijia: “Mwalimu, nyama yako, mifupa yangu, mpige tu.” Nikamwambia nyama sitaki, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imekataza viboko, pamoja na kumtesa mtoto kiakili. Hakutikisika. Sheria haimtikisi mtu hapa. Nikamfungulia daftari nikamsomea mstari wa mwanawe. Akaniomba nimnakilie, mkewe hatamsadiki. Tangu hapo nawaita wazazi siku ambayo hakuna kesi. Wengine huja wameshaandaa utetezi.

Kusoma namba moja hadi ya mwisho mbele ya wazazi siku ya kufunga, hilo bado hatujakubaliana na mwalimu mkuu. La kuwafungia geti wachelewaji, angalau, limekwisha. Mwezi 18 nikiwa wa zamu mimi, liko wazi mpaka saa mbili kasoro. Akiwa mwingine, namtumia ujumbe usiku wa kuamkia siku hiyo, naye hunijibu kwa kidole gumba tu.